Ramadhani Imekwisha, Darsa Je?

Tumo ndani ya Mfunguo Mosi. Ramadhani nzima iliyopita, hapa Unguja mjini, ukipita Malindi, Kiponda au Mkunazini, au ukivuka Darajani ukaingia ng'ambo, Mlandege, Kikwajuni, Miembeni, baada ya sala ya alasiri hukukosa kumsikia sheikh amefungua kitabu anafasiri Kurani aya kwa aya, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Leo imamu akishatoa salamu, watu wanavaa viatu vyao wanakwenda zao. Halafu usiku, kwenye barza, vikombe vya kahawa vinazunguka, mmoja anasema: jamani, ile darsa tuiendeleze wenyewe. Na wote wanaitikia.

Yanayofuata nayajua, na nyinyi mnayajua. Wiki ya kwanza hufanyika kikao. Anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mshika fedha. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, lina jina zuri la Kiarabu. Hapo tena inaanza habari ya spika: ikodiwe au inunuliwe? Mwengine anashikilia kwamba tusitangaze chochote mpaka tumpate sheikh mwenye jina, na sheikh mwenye jina yuko Dar es Salaam au Mombasa, amesema atakuja mwezi ujao akijaaliwa. Mfunguo Tatu ukiandama, kundi bado liko kwenye simu, linatuma picha za Ijumaa njema na matangazo ya viwanja vya Fuoni. Kitabu hakijafunguliwa hata kimoja.

Leo nataka tuzungumze namna ya kuipanga darsa ndogo mpaka ikadumu, na rai yangu naitoa mapema ili asiyekubaliana nayo apate muda wa kuitafutia jibu: darsa inaanzia kwenye kitabu. Mkishajua mnasoma kitabu gani na mnakimaliza lini, habari ya spika na mwenyekiti mtaiona haina kazi.

Tuanze na mji wenyewe. Mji Mkongwe una misikiti ipatayo 50 katika eneo ambalo mtu mzima hulimaliza kwa miguu kabla jasho halijamtoka sawasawa. Mingi haina mnara. Mgeni anaipita akidhani ni nyumba ya mtu, na ule wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia unajulikana khasa kwa kuwa haufanani na wenzake. Wengi walioijenga walikuwa watu binafsi, mfanyabiashara huyu, mwenye mashamba yule, ubavuni mwa nyumba zao, wakaiwekea wakfu wa duka au nyumba ya kupangisha ili maji na mafuta ya taa yasikatike. Ndani ni safu chache tu za kusalia. Sasa, msikiti wa ukubwa huo hauna nafasi ya muhadhara. Nafasi iliyopo ni ya mtu na kitabu chake, na wengine kumi wamemzunguka. Msikiti Gofu na Msikiti Barza ni misikiti ya aina hiyo, na darsa zake zilikuwa zikijulikana mpaka Lamu na Ngazija.

Humo, na katika majumba ya jirani, ndimo walimokaa watu ambao majina yao mpaka leo yanatajwa kwa heshima. Sheikh Abdalla Bakathir alizaliwa Lamu mwaka 1860, akasafiri Makka na Hadhramaut kutafuta elimu, mwisho akaweka makazi Unguja, na pale mtaa wa Ukutani akasomesha. Mahali hapo pakawa madrasa inayobeba jina lake. Mwenzake, Sayyid Ahmad bin Sumeyt, alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Ujanani aliendesha chombo baharini. Akawa kadhi wa Unguja, akahitilafiana na Sultani, Sayyid Barghash, akaondoka akenda zake mpaka Istanbul, akarudi mwaka 1888 baada ya Barghash kufariki, akashika tena ukadhi. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Mimi kinachonivutia kwa Bin Sumeyt ni saa zake. Huyu ni kadhi. Asubuhi nzima ana watu wa mirathi, wa talaka, wa mipaka ya mashamba. Na bado alikaa akasomesha kitabu, mstari kwa mstari, watu wa kuhesabika. Leo mtu wa cheo chake tungempa jukwaa na maua mezani, tukamwita mara moja kwa mwaka.

Utaratibu wao haukuwa na siri. Mwanafunzi mmoja anasoma ibara ya Kiarabu. Maalim anaikata vipande, kila kipande anakifasiri kwa Kiswahili, kisha anairudia yote kwa pamoja. Wengine wamefungua vitabu vyao, wanaandika pembeni. Kesho wanaendelea pale pale walipoishia. Kitabu kikimalizika inasomwa dua, na anayeonekana amekielewa anapewa ijaza, naye akakisomeshe kwengine. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1912, alipitia darsa za namna hiyo huku mchana akiwa mwalimu wa skuli za serikali. Baadaye alikuwa kadhi wa Unguja, akahamia Kenya, akawa Kadhi Mkuu huko kuanzia 1968 mpaka 1980, akafariki Muscat mwaka 1982. Kitabu chake cha 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki ukikisoma utaona kila mtu anatajwa pamoja na waliomsomesha na aliowasomesha. Kwao hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya mtu: amesoma nini, kwa nani. Na tafsiri yake ya Kurani, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, ilikamilika mwaka 1969, lakini sehemu zake zilikwisha anza kutoka vijitabu vijitabu tangu miaka ya 1950. Kazi kubwa namna ile ilikwenda kwa mwendo wa darsa, leo kipande, kesho kipande.

Kisha yakaja Mapinduzi ya mwaka 1964, na miaka iliyofuata wanazuoni wengi wakaondoka. Muslim Academy, chuo ambacho mkuu wake alikuwa Sayyid Omar Abdalla, tunayemjua zaidi kwa jina la Mwinyi Baraka, kilifungwa. Sayyid Omar bin Sumeyt, mtoto wa yule Sayyid Ahmad, alihamia Ngazija na huko akafariki mwaka 1976. Chuo kikishakuwa na jengo, mishahara na mitaala, hata mtu mmoja mwenye ufunguo anaweza kukifunga. Lakini pembe ya msikiti baina ya magharibi na isha, wazee watatu na kitabu kimoja, hiyo nani ataifunga, na aifunge vipi? Waliobaki waliendelea kusomesha katika vyuo vya Kurani na misikitini, kidogo kidogo, na wengi wa waliotusomesha sisi ni wanafunzi wao.

Haya, tuje kwetu. Kitabu gani?

Kwa kundi la watu wa kawaida, muuza duka, mwalimu wa skuli, dereva wa daladala, kijana wa hoteli, mimi nawaambia waanze na Arbain ya Imam Nawawi. Mwenyewe alikuwa mtu wa Nawa, Sham, alifariki mwaka 1277, na ni imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi. Kitabu kina hadithi 42. Hesabu yangu ni hii: mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, yaani wiki 50 na ushei. Toeni Ramadhani, wakati huo mtakwenda kwenye darsa kubwa kama kila mtu. Zinabaki wiki 46. Mkisoma hadithi moja kila wiki, kuanzia Mfunguo Mosi huu, mtamaliza kabla Ramadhani nyengine haijaingia, na bado mna wiki nne za akiba kwa Idi ya Mfunguo Tatu, maulidi ya Mfunguo Sita, misiba na mvua za masika. Kitabu kimeanza, kitabu kimekwisha, ndani ya mwaka mmoja. Sijui kitu kinachowakusanya watu kuliko kuona kurasa za mkono wa kushoto zinaongezeka na za kulia zinapungua, au kinyume chake kwa kitabu cha Kiarabu.

Wanaotaka fiqhi wachukue Safina, kile kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumeir, Mhadhrami aliyefia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, katikati ya karne ya 19. Wengi wetu tulikisoma chuoni utotoni tukawa tunakikariri bila ya kujua tunasema nini. Kukirudia ukiwa na miaka arubaini, una mke, una madeni, una mzee wa kumtia udhu kitandani, ni jambo jengine kabisa.

Ila nakuombeni, msianze na Sahihi Bukhari. Najua jina lake lina haiba, na kila kundi jipya linataka lionekane limeanza na kikubwa. Kina hadithi zaidi ya 7,000 ukihesabu na zilizokaririwa. Kwa mwendo wa moja kwa wiki hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 150. Wajukuu wa wajukuu zenu watapokea zamu.

Wakati nao hauhitaji kikao. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua letu halina hila: mwaka mzima linazama takriban baina ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45. Isha inakuja baada ya saa moja na dakika kadhaa. Ukitoa sala ya magharibi, nyiradi na sunna, mnabakiwa na dakika 40 hivi. Zinatosha. Tena uzuri wake ni kwamba adhana ya isha ndiyo inayomkatiza anayependa kusema, na hakuna mwenyekiti atakayeiweza kazi hiyo vizuri zaidi. Alasiri ni wakati mzuri pia. Baada ya alfajiri ni pazuri kwa wazee na kwa wasiokuwa na kazi ya asubuhi. Msipange usiku baada ya isha kama hamna haja, maana hapo mtashindana na mpira, na mimi sitaki kutabiri nani atashinda.

Huko shamba, pwani ya mashariki na kusini, saa ya ukutani peke yake haitoshi. Kuna kijiji kimoja cha Kusini ambako akina mama walipangiwa darsa na kamati ya msikiti, kila Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya kwanza walijaa. Ya pili hawakuja hata watano, na kamati, ambayo ni ya wanaume watupu, ikaanza kusema kwamba wanawake hawana hima. Bimkubwa mmoja akawauliza kama wanajua Jumamosi ile maji yalikuwaje. Ilikuwa bamvua. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwandamo na mwezi mpevu, na kwetu maji hupwa sana asubuhi kuelekea mchana. Saa hizo nusu ya wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wamo baharini na kamba zao za mwani, na wengine wanachokoa chaza na kutafuta pweza. Mwanamke mwenye mistari yake ya mwani hawezi kumwambia mwezi usubiri.

Basi wakajipangia wenyewe. Siku za maji mafu wanakutana mara mbili kwa wiki, nyumbani kwa mmoja wao, uani, chini ya mwembe. Bamvua likija hawakutani kabisa, wala hapana anayehesabiwa kuwa ametoroka. Nilipelekwa nikawaona, nikakalishwa ukumbini huku wao wako uani, nasikia tu. Madaftari wameyafunga ndani ya vipande vya khanga kuukuu yasilowe, na mengine yana alama nyeupe za chumvi pembeni. Anayewasomesha ni mwanamke wa hapo hapo, aliyesoma kwa babu yake. Wako mbele ya waume zao kwa hadithi kumi na kitu. Nasema hivi waume wakisikia.

Wangapi wawe? Mimi napendelea saba mpaka kumi na mbili. Kipimo changu ni kwamba kila mmoja apate kusoma kwa sauti, mbele ya wenziwe, japo mara moja kwa mwezi. Pakiwa na watu ambao miezi mitatu hawajafungua mdomo, mmeshakuwa na muhadhara mdogo, na aliyekaa kimya muda mrefu ndiye wa mwanzo kuacha kuja.

Hapa nikwambieni nilichokiona katika darsa moja, kimsikiti cha ndani ndani ya Mji Mkongwe, watu wanane na feni moja. Zamu ya kusoma ilikuwa ya kijana anayetengeneza simu Darajani. Ameweka kidole chini ya mstari, anasoma, akafika pahala akaweka dhamma pasipo pake, mtendwa akawa ndiye mtenda, na maana yote ikapinduka. Maalim hakusema kitu. Aligonga marfaa kwa ukucha mara mbili. Kijana akarudi nyuma, akajaribu kasra. Ukucha tena. Mzee aliyekaa kando yake, muuza samaki aliyestaafu, akawa anaangalia dari kama mtu asiyejua jibu, na huku anajua. Mara ya tatu kijana akaweka fatha. Maalim akasema: endelea. Baada ya isha, nje, wakati wa kuvaa viatu, yule kijana alikuwa bado anamweleza mwenzake kwa nini pale ni fatha. Katika uwanja wa watu elfu moja kosa lile hakuna ambaye angelisikia, hata yeye mwenyewe.

Sisemi mihadhara haina faida. Mihadhara imewaamsha watu wengi, na zipo nyakati ambapo jambo linataka kusemwa kwa sauti kubwa, watu wote walisikie siku moja. Lakini tumeizoea mno. Tumekuwa wasikilizaji hodari. Mtu anaweza kukutajia masheikh ishirini anaowafuata kwenye YouTube, na ukimpa ukurasa mmoja wa Safina asome, anatafuta miwani ambayo hakuja nayo.

Nani asomeshe? Tafuteni mtu aliyekisoma kitabu hicho kwa mtu, anayekaa mahali ambapo anaweza kufika kwa miguu. Kuliko sheikh mkubwa wa mbali anayekuja siku nne kwa mwaka, bora maalim wa chuoni wa mtaa wenu anayekuja kila Jumatatu na kanzu yake moja. Na kabla hamjamkubali, muulizeni suala gumu. Akisema sijui, nitatazama, kisha wiki inayofuata akaja na jibu lake, huyo mshikeni. Wanazuoni wetu wa zamani walikuwa wakimaliza darsa kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi, na walikuwa wanalikusudia neno hilo.

Siku maalim anapoumwa au ana harusi, darsa isivunjwe. Hapo ndipo makundi mengi yanapokufa: wiki moja hakuna, wiki ya pili mvua, wiki ya tatu kila mtu anadhani wenziwe hawendi. Kaeni mfanye muraja'a. Mmoja asome hadithi tano za nyuma, wengine waulizane maana. Dakika ishirini, mwende zenu. La muhimu ni kuwa mtu aliyepita mlangoni aone watu wapo.

Masuala nayo yana adabu yake. Nimeona darsa nzuri sana ikavunjika kwa ubishi wa qunuti. Nyengine ikavunjika kwa maulidi. Na kila mwaka, mwishoni mwa Ramadhani, mwandamo wa mwezi unawatenganisha watu waliokaa jamvi moja mwaka mzima: hawa wanakula Idi leo, hawa wanafunga, na Jumatatu inayofuata hawatazamani. Kwa hivyo wekeni sharti tangu siku ya kwanza: suala liwe juu ya ukurasa ulioko mbele yetu. La nje ya ukurasa liandikwe kwenye daftari, litafutiwe wakati wake. Anayekuja na suala moja kila wiki, na suala lenyewe ni la kumtega maalim, huyo msimfukuze. Mpeni zamu ya kusoma. Kazi ya irabu itampunguza makali.

Na akina sisi wapenda mabishano, barza zipo. Zimejengwa kwa kazi hiyo.

Upande wa serikali ni mfupi. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Mufti mwaka 2001, mambo ya dini yetu yana ofisi inayoyasimamia, na mkitaka kutoka nje na vipaza sauti mkafanya mkutano wa hadhara, piteni huko mwanzo. Lakini hata kwa darsa ya ndani, mwambieni imamu, na mwambieni sheha wa shehia yenu. Ni majirani zenu. Jirani akijua mnachokisoma, hana haja ya kukisia.

Pesa nazo zisiwatie mashakani. Kila mmoja anunue nakala yake mwenyewe, zipo kwenye maduka ya vitabu, na asiyekuwa nacho wenziwe wamnunulie kimya kimya. Kitabu cha mtu mwenyewe kinaandikwa pembeni, cha kuazima hakiandikwi. Kahawa na kashata baada ya isha iwe kwa zamu, na aliye na zamu asishindane na aliyetangulia. Nilipata kusikia kundi lililoanzia kwenye kahawa, likapanda sambusa, likafika biriani, na mwezi wa nne watu wakaanza kukwepa zamu. Mshika fedha wenu hatakuwa na kitu cha kushika, na hiyo ni salama kwenu na kwake.

Nataka niseme jambo juu ya majirani zetu Wakristo, kwa sababu suala hili la vikundi vidogo wamelifikiria kwa makusudi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikubaliana miaka ya 1970, na khasa katika mkutano wao wa 1976, kwamba kanisa lijengwe kutoka kwenye jumuiya ndogo ndogo za majirani. Wanakutana majumbani, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mara nyingi wanasoma injili itakayosomwa Jumapili inayokuja, kila mmoja akapewa nafasi ya kusema neno. Hata hapa kisiwani, ambako Wakatoliki ni wachache na kanisa lao la Minara Miwili liko katikati ya majumba ya Waislamu, mtindo huo wanao. Sisi na wao hatusomi namna moja. Kwetu ufunguo wa maana anao aliyesoma kwa mtu, na mimi nakubaliana na utaratibu huo. Lakini huku kuhama nyumba kwa nyumba kuna faida ambayo darsa zetu za msikitini zinaikosa: mgonjwa wa kitandani anapata kuwamo, na watoto wa nyumba ile wanawaona watu wazima wakisoma. Mara moja kwa mwezi darsa yenu ikahamia ukumbini kwa mwenzenu aliyepooza, msikiti hautakasirika.

Simu je? Itumieni kwa aliye mbali. Tunao ndugu zetu Muscat, London, Toronto, watu waliokulia vichochoro hivi hivi, na mtu akirikodi darsa ya dakika 40 akaituma, wanaisikiliza wakiwa kazini na wanafurahi. Mmoja kanieleza kwamba anaisikiliza kwa mwendo wa kasi ili aokoe muda. Sikumjibu. Kwa aliyeko hapa Unguja, mwenye miguu, rikodi ni ya kurudia alichokisikia. Akiifanya badala ya kwenda, baada ya mwaka atakuwa anaijua sauti ya maalim vizuri sana.

Na ikiwa Mungu atawafanikisha, mkajikuta ishirini, msitafute ukumbi mkubwa. Gawanyikeni. Wawili waliomaliza Arbain mwaka jana na wakaielewa, kwa ruhusa ya maalim wao, waende Mlandege au Chukwani au popote wanapolala, wakakae na watu sita wa mtaa wao, waanze hadithi ya kwanza, ile ya nia. Kitakachowasumbua ni kwamba kila mtu atataka kubaki na maalim wa zamani. Maalim mwenyewe ndiye awaambie.

Juzi kwenye barza ya Jaws Corner bwana mmoja aliniuliza, wao wako watatu tu, wanaona haya kuiita darsa, je wasubiri waongezeke? Nilimwambia na nyinyi nakwambieni. Watatu mnatosha. Mmoja asome, mmoja afasiri, wa tatu ashike kitabu chake aangalie wenziwe wasiruke mstari, na wiki ijayo mbadilishane. Alikuwa ameshamaliza kahawa yake, akaniuliza kitabu atakipata wapi saa zile. Nikamwelekeza duka la Darajani, na kwamba linafungwa adhana ya magharibi.

Wakati wetu umekwisha. Kipindi kijacho, inshallah, tutazungumza juu ya wakfu wa misikiti midogo na nani anayelipa umeme wake.